Kupima Kiwambo, Jicho na Kibofu kwa Ultrasaundi ya Kitandani: Mwongozo wa Kumfuatilia Mgonjwa wa Saratani Aliye Kwenye Tiba ya Kinga, kwa Tabibu wa Lamu

Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dawa za kuamsha kinga hutundikiwa dripu yake Nairobi, Mombasa au hata India, kisha hurejea nyumbani, akashuka Manda kwa ndege au Mokowe kwa basi, akavuka kwa boti hadi Amu na kukaa nasi wiki 3 au 6 akingoja dozi inayofuata. Dawa humkalia mwilini muda wote huo. Ikiwa kinga iliyoamshwa itaigeukia misuli yake au mishipa yake ya fahamu, itafanya hivyo akiwa huku kwetu, mara nyingi ndani ya miezi 3 ya mwanzo, na atakayeamshwa usiku ni tabibu wa zamu, wala si bingwa aliyeandika dawa. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya tabibu huyo, na kwa muuguzi anayefanya naye kazi, maadamu wana mashine ndogo ya ultrasaundi, hata ile inayochomekwa kwenye simu, na wako tayari kujifunza vipimo vichache wakavifanya vizuri.

Dawa zenyewe ni kama nivolumab, pembrolizumab, atezolizumab na ipilimumab. Haziui seli za saratani moja kwa moja. Huondoa breki ambazo huzizuia seli T za kinga zisishambulie, na ni ugunduzi wa namna ya kuziondoa breki hizo uliowapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Seli iliyoondolewa breki haiishii kwenye uvimbe wa saratani peke yake. Huweza kuvamia utumbo, mapafu, ini, tezi na, kwa wagonjwa wachache, neva na misuli. Uchache huo usitulegeze, kwa sababu miongoni mwa madhara hayo yamo yanayoua upesi, na linaloogopwa zaidi ni lile la miasthenia, yaani udhoofu wa misuli unaozidi kadiri misuli inavyotumika, likiandamana na uvimbe wa misuli ya mwili na uvimbe wa misuli ya moyo kwa mgonjwa mmoja. Tiba ya seli za CAR-T, yaani seli za kinga zilizobadilishwa maabara ili ziishambulie saratani, ambayo nayo huvuruga ubongo, siielezi hapa kwa urefu, kwa kuwa waliopewa hutakiwa kukaa karibu na hospitali iliyowatibu katika wiki za mwanzo ambazo ndizo za hatari; lakini nitaazima kipimo chake kimoja cha akili, kwa sababu kinafaa.

Kipimo cha kwanza ni cha siku ya uzima

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba mgonjwa apimwe akiwa hana dalili yoyote, ikiwezekana kabla hajaenda kupokea dozi ya kwanza, na kama hilo limepita, basi siku yoyote atakayokuja kliniki akiwa mzima. Watu hawafanani unene wa kiwambo, msuli wa kuvutia pumzi, wala upana wa ala inayoivika neva ya jicho, na takwimu za vitabuni zina mwanya mkubwa kiasi kwamba mtu anaweza kupoteza nusu ya nguvu zake za kupumua akabaki ndani ya kile kinachoitwa kawaida. Ukiwa na kipimo chake mwenyewe cha siku ya uzima, unamlinganisha yeye na yeye. Kiandike kwenye daftari lake la kliniki, pamoja na tarehe, upande uliopimwa, mahali pa mbavu ulipoiweka probu, yaani kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi, na pembe ya kitanda, kisha apige picha ya ukurasa huo kwa simu yake au ya mwanawe.

Kiwambo

Kiwambo, au diaframu, ni msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, na ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta pumzi. Unapodhoofika, mgonjwa hujazia upungufu kwa misuli ya shingo na ya mbavu na kwa kupumua harakaharaka, na kwa hiyo oksimita ya kidoleni huendelea kusoma 96 au 97 hadi karibu na kuanguka. Hapo ndipo ultrasaundi inapotusaidia kuliko chombo kingine tulicho nacho, kwa kuwa inauonyesha msuli wenyewe ukishindwa kabla oksijeni haijashuka.

Mwinue mgonjwa kitandani kiasi cha nyuzi 30 hadi 45, na uitumie pembe hiyohiyo kila mara. Eleza mapema kwamba utahitaji kufunua ubavu tu. Mama wa Kiamu aliyekuja na buibui lake afunikwe kwa leso kifuani na tumboni, na kama kuna muuguzi mwanamke, yeye ndiye ashike probu. Anza upande wa kulia. Chukua probu bapa, ile ya masafa ya juu inayotumika kwa mishipa, ipake jeli, uiweke wima baina ya mstari wa mbele wa kwapa na mstari wa katikati ya kwapa, kwenye nafasi ya ubavu wa nane hadi wa kumi, alama ya probu ikielekea kichwani. Utaona mbavu mbili zikitupa vivuli vyeusi, na katikati yake, chini ya ngozi, mafuta na misuli ya mbavu, kwa kina cha sentimita chache, utaona mistari miwili myeupe inayong'aa ikienda sambamba, na kati yake utepe wa kijivu kilichokoza. Mstari wa juu ni utando wa mapafu, wa chini ni utando wa tumbo, na utepe ulio katikati ndio kiwambo. Mapafu yakishuka kama pazia na kuuficha kila mgonjwa anapovuta pumzi, sogea ubavu mmoja chini.

Sasa mwambie: "Mama, toa pumzi yote taratibu," na pumzi ikifika mwisho, isimamishe picha upime utepe kutoka ukingo wa ndani wa mstari mmoja mweupe hadi ukingo wa ndani wa mwingine, bila kuihesabu mistari yenyewe. Kisha mwambie: "Vuta, vuta mpaka kifua kijae, kama unayenusa kikuba, halafu izuie," upime tena. Maneno haya si pambo. Mgonjwa asiyeelewa kwamba unataka pumzi yake ya mwisho kabisa atakupa nusu pumzi, nawe utaandika udhoofu ambao hana. Fanya pumzi tatu, uchukue wastani.

Hesabu ni nyepesi: toa unene wa pumzi iliyotoka kwenye unene wa pumzi iliyojaa, gawanya kwa unene wa pumzi iliyotoka, zidisha kwa 100. Kiwambo kilichotoka milimita 2.0 kikafika 3.4 kimenenepa kwa asilimia 70. Kwa mtu mzima, unene wa pumzi iliyotoka kwa kawaida huwa kati ya milimita 1.5 na 3, na kunenepa kusikofika asilimia 20 katika pumzi kubwa kabisa ni ishara ya kiwambo kilichoshindwa. Lakini usisubiri 20. Aliyekuwa na 70 akapatikana na 35 amekwisha kupoteza nusu, na huyo ni mgonjwa wa dharura hata akiwa anazungumza nawe vizuri.

Tunapima kitu cha milimita mbili, kwa hiyo kosa la milimita 0.2 ni kosa la asilimia 10. Ikuze picha mpaka utepe uijaze skrini, uchore nukta kwenye ngozi kwa kalamu ya wino usiofutika mahali probu ilipokaa, na ikiwezekana mpimaji awe yuleyule asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe nilihitaji kupima wenzangu wazima wengi kabla mkono haujatulia, na ningemshauri yeyote asimpime mgonjwa kabla hajafanya hivyo.

Mwendo wa kiwambo hupimwa kwa probu ya mviringo. Iweke chini ya mbavu za kulia, kati ya mstari wa katikati ya mtulinga na mstari wa mbele wa kwapa, uielekeze juu na nyuma, ini liwe dirisha lako. Kiwambo kitaonekana kama upinde mweupe nyuma ya ini. Washa hali ya M, ambayo hutandaza mwendo wa nukta moja kama wimbi, upime kimo cha wimbi. Katika pumzi ya kawaida kiwambo kizima husogea angalau sentimita 1 kwa mwanamume na 0.9 kwa mwanamke. Katika pumzi kubwa, angalau 4.7 kwa mwanamume na 3.7 kwa mwanamke. Mwambie pia anuse mara moja kwa ghafla, kama mwenye mafua: kiwambo kizima huijia probu, na kilichopooza huikimbia. Upande wa kushoto ni mgumu, kwa kuwa wengu ni dirisha dogo na hewa ya tumbo huziba picha. Ukishindwa, andika kwamba umeshindwa, usikisie.

Kuhesabu kwa pumzi moja

Kipimo hiki hakihitaji mashine, nacho hukamilisha ultrasaundi. Mgonjwa huvuta pumzi kubwa akahesabu kwa sauti kadiri awezavyo, namba mbili kila sekunde. Vitabu vinasema mtu mzima hufika karibu 50, na asiyefika 20 yuko hatarini. Takwimu hizo, hata hivyo, hazikutokana na wanaohesabu kwa Kiswahili. "Ishirini na saba" ina silabi saba, na hakuna anayeweza kuitamka mara mbili kwa sekunde, hivyo mgonjwa wetu mzima huonekana dhaifu tangu anapovuka kumi na moja. Ninachofanya ni kumwambia ahesabu moja hadi kumi, kisha arudi moja, nami nahesabu makumi kwa vidole. Namba hubaki fupi, na makumi aliyoyapata siku ya uzima ndiyo ninayomdai siku ya ugonjwa.

Jicho

Ubongo unapovimba, au shinikizo la maji yake linapopanda, maji hayo husukumwa ndani ya ala inayoivika neva ya jicho, na ala hiyo, kama ala ya kisu iliyojazwa kuliko kawaida, hutanuka. Tiba ya kinga inaweza kusababisha uvimbe wa ubongo na wa tando zake, na saratani yenyewe inaweza kuwa imepeleka mbegu kichwani, kwa hiyo mgonjwa anayeumwa kichwa, kutapika au kuchanganyikiwa anastahili kipimo hiki.

Kabla ya probu, pima sukari ya damu na malaria. Homa na kuchanganyikiwa katika pwani yetu ni malaria mpaka kipimo kikatae, na dawa hizi za kinga zaweza pia kuleta kisukari cha ghafla na kuangusha tezi za homoni hata chumvi ya damu ikashuka. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria nayo haiwezi kutofautishwa kwa ultrasaundi, na ukiishuku, anzisha antibiotiki bila kungoja.

Mgonjwa afumbe macho, afutwe wanja, afunikwe kope kwa plasta angavu, na jeli iwe nyingi kiasi kwamba probu bapa inaelea juu yake bila kuligandamiza jicho. Weka mashine kwenye mpangilio wa macho. Kama haina, punguza nguvu ya mawimbi hadi namba ya MI iwe chini ya 0.23, na usikae juu ya jicho muda mrefu. Jicho linaloshukiwa kupasuka lisiguswe kabisa. Kwenye skrini jicho ni duara jeusi, na nyuma yake neva hushuka kama kijia cheusi chenye kingo nyeupe. Shuka milimita 3 nyuma ya jicho, upime upana wa ala kwa mstari unaokatiza neva kwa pembe mraba. Pima kila jicho mara mbili, mara moja probu ikiwa imelala na mara nyingine ikiwa wima, uchukue wastani.

Mpaka unaotumika kwa watu wazima huwa kati ya milimita 5 na 6. Chini ya 5 hunipunguzia wasiwasi lakini hakuniondolei. Zaidi ya 6 huniamrisha kumsafirisha. Katikati hapo ndipo kipimo cha siku ya uzima kinapoamua. Ala haisemi sababu ya shinikizo, na skani ya CT au MRI bado ni lazima. Kinachopatikana kitandani ni namna ya kujua nani asisubiri foleni.

Pamoja na jicho, pima akili kwa alama 10 zinazotumika kwa wagonjwa wa CAR-T: mwaka, mwezi, mji na hospitali ni alama 4, kutaja vitu vitatu unavyomwonyesha ni alama 3, kutii amri moja, kuandika sentensi moja, na kuhesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa makumi, kila kimoja alama 1. Hapa Lamu mzee anayekujibu kwa mwezi wa Kiislamu, kwamba huu ni Mfungo Sita, nao kweli ni Mfungo Sita, amepata alama yake kamili. Anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu aachwe aandike hivyo. Hifadhi karatasi: mwandiko wa jana ulionyooka na wa leo unaotetemeka na kupanda mstari huonyesha mabadiliko ambayo jamaa zake hawajayaona.

Kibofu

Kinga iliyoamshwa huweza pia kuushambulia uti wa mgongo ukavimba, na uvimbe huo huweza kuanza kwa kushindwa kukojoa. Baada ya mgonjwa kwenda haja ndogo, pima kibofu urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha vyote pamoja na 0.52, upate mililita. Zaidi ya 200 zilizobaki, kwa mgonjwa mwenye ganzi au miguu mizito, zinatosha kupiga simu ya rufaa.

Namba zinapobadilika

Mgonjwa mmoja, mwanamume wa makamo, alinijia wiki ya tano baada ya dozi yake ya kwanza akisema kope lake la kulia linaanguka jioni, na kwamba akiutazama mlingoti wa mashua anaiona milingoti miwili. Alikuwa amelala akiegemea mito kwa siku tatu. Katika kituo kimoja alikopitia njiani walimdhania ana nimonia wakamdunga jentamaisini. Oksijeni yake ilikuwa 97. Kiwambo kilichokuwa kikinenepa kwa asilimia 70 kabla ya matibabu kilitoka milimita 2.1 hadi 2.7, sawa na asilimia 29, na asubuhi iliyofuata kikatoka 2.0 hadi 2.3, sawa na asilimia 15. Oksijeni ilikuwa bado 96. Tulimsafirisha kabla ya adhuhuri, na usiku huo aliwekewa mashine ya kupumulia Mombasa. Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, akitembea.

Nimeitaja ile sindano kwa makusudi. Mgonjwa aliye kwenye dawa hizi akilegea kope, akaona viwili viwili, akapaliwa na maji, sauti ikatokea puani, au akashindwa kulala chali, asipewe jentamaisini, siprofloksasini, azithromaisini wala magnesiamu ya mshipa, wala dawa za moyo za jamii ya propranolol bila ushauri, kwa kuwa zote huzidisha miasthenia. Kwinini nayo ni ya kuepukwa. Malaria kali itibiwe kwa artesunati. Mpime pia umeme wa moyo, na troponini na CK, vipimo vya damu vinavyoonyesha kuumia kwa moyo na misuli, kama maabara inaweza, kwa sababu moyo huvimba kimyakimya pamoja na misuli, na ukiwa na probu mkononi utazame moyo unavyosukuma.

Mpigie simu bingwa wake siku hiyohiyo. Dozi inayofuata husimamishwa, na matibabu huwa ni steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga, mara nyingi methilipredinisolon ya miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo, na kwa walio hoi imunoglobulini ya mshipa au kusafishwa plazma. Steroidi za kiwango kikubwa zaweza kumzidishia mgonjwa wa miasthenia udhoofu katika siku za mwanzo, kwa hiyo akianzishiwa huku, kiwambo kipimwe kila saa 6 hadi 8, mchana na usiku, pamoja na hesabu ya pumzi moja.

Uamuzi wa kusafirisha usiachwe uingie magharibi, kwani kuvuka maji gizani na mgonjwa anayechoka kupumua, tena wakati wa kusi, ni hatari iliyo juu ya hatari. Botini asilazwe chali. Kiwambo dhaifu hushindwa zaidi mgonjwa anapolala, kwa sababu matumbo hukisukuma juu, na machela iliyonyooshwa sawasawa kutoka gatini hadi Mokowe yaweza kumaliza nguvu alizobaki nazo. Aketi, mgongo ukiegemezwa, mtu mmoja amshike. Katika barua ya rufaa andika jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, vipimo vyote vya kiwambo kwa saa zake kuanzia kile cha siku ya uzima, upana wa ala kwa kila jicho, alama za akili, na dawa zote alizodungwa njiani, kisha umwambie anayemsindikiza ampime tena hesabu ya pumzi moja wakifika Garsen, na aiandike chini ya barua hiyohiyo.